Mwanya ya Nono

Mi nilikuwa na mwanya mu meno ya mbele, mupana sana, mupaka ndege ya kiwanja ya Luano ilikuwa inaomba ruhusa ya kushuka pale. Mwenye kubisha aende kuuliza rubani. Binti yangu Mwila aliurizi, na yeye alikuwa anapiga nao muluzi: akifika ku mulango ya chuma ya parcelle, uwanja yetu, muluzi moja tu, batoto banakimbia kufungua.

Mwila alikufa, akaacha babinti babili. Nono, mudogo, ndiye alibaki na mwanya na muluzi ya mama yake. Mukubwa, Lydie, mwenye Nono anaita yaya, alichukua meno ya baba: yamebanana sawa bantu ku mulango ya kanisa siku ya Noeli.

"Kambo," alikuwa ananiambia mi, muzazi ya mama yake, "kwangu Mungu alijaza nafasi yote, hakuacha hata ya kupitisha uzi."

Alikuwa anacheka, lakini jicho yake ilikuwa ku mudomo ya mudogo yake.

Lydie anatumika kwa Dokta Ephraïm, wa meno. Balileta programu mupya mu ordinateri, ile kompyuta ya kazi, dokta akamupa kazi ya kuitayarisha. Shi mi sikujua jino iko na pande mingi vile! Kuko upande wa kutafunia, wa shavu, wa ulimi, na mbili zenye kuangalia meno ya jirani. Lydie anapanga kila upande na rangi yake: nyekundu, iko inangoja dokta, buluu, imekwisha.

Sasa, ile programu ilitoka Ulaya, na kwa benye kuitengeneza mwanya ni ugonjwa. Iliuliza: kwa kila mugonjwa, nafasi kati ya meno mbili ya mbele, iwe nyekundu, ifungwe? Lydie alisema ndiyo. Mu picha ya mufano meno yote ilikuwa inagusana, na alikuwa na haraka ya kumaliza.

Kisha Nono akapata tundu kadogo ku jino ya mbele, upande wa mwanya. Lydie mwenyewe alimupangia siku. Siku ile Dokta Ephraïm alikuwa Kinsevere, anaangalia meno ya bantu ba mine, benye kuchimba shaba, na dokta mugeni alishika nafasi yake. Yule aliangalia ekran ya ordinateri: nyekundu huku, nyekundu kule. Akaziba tundu, akaziba na mwanya. Lydie alikuwa mbele, anapokea bagonjwa.

Nono alitoka na mudomo ingali imekufa ganzi. Alisimama ku kioo ya ukuta, akakawia pale.

"Yaya Lydie. Ya mama iko wapi?"

Lydie alifikiri anatafuta kitambaa ya mama yabo, ile Nono anapenda kuvaa.

"Si uliiacha ku nyumba?"

Nono akageuka, akafungua mudomo.

Dokta Ephraïm aliporudi, Lydie alimupigia magoti. Dokta akasema: "Naweza kukata, mama. Lakini itakuwa mwanya ya masini yangu. Ile ya kuzaliwa siwezi kurudisha."

Nono alikatala. "Basi. Bamekwisha kunigusa mara moja."

Hakumutukana yaya yake. Angemutukana, ingekuwa vizuri. Mi nilijaribu: "Nono, nimebaki na meno mbili, chukua, upange mwenyewe mwanya yenye unataka, hata ya kupitisha kamio ya mizigo." Hakuna mwenye alicheka. Hata mi sikucheka, na hadisi zangu mi huwa nacheka wa kwanza.

Lydie alirudi mu programu, akabadilisha. Sasa mwanya haina rangi, na masini inauliza kwanza: mwenyewe anataka? Juzi mama moja wa Mokambo alitoka mule anacheka na mwanya yake yote. Lydie alisahau kumurudishia karte yake ya mugonjwa, alikuwa anaangalia tu.

Magaribi Lydie anasonga bukari, mi niko ku kiti, na saa ya Nono kurudi ikifika tunageuza masikio ku mulango bote babili. Bado tunasikiliza muluzi. Halafu Nono anagonga kufuli ku chuma ya mulango, ko-ko-ko, sawa mugeni, na Lydie anaacha mwiko, anaenda kufungua.