Alhamisi ya Tiketi ya Mama

"Sasa Alhamisi yako inaanza saa ngapi?"

Mama mkubwa aliniuliza hivyo huku akimenya viazi, na mimi, mwenye shahada ya chuo kikuu na tabia ya kumfuata padre nje ya kanisa kumhoji juu ya mahubiri yake, nilifungua simu kutafuta jibu. Ili ieleweke kwa nini, inabidi nianze na tiketi.

Dada yangu anaishi Kanada. Alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza na alitaka mama awepo. Fedha za nauli hakuwa nazo, ila alikuwa na pointi. Kazi yake ilikuwa imemrusha huku na huko kwa miaka, na kila aliposafiri shirika la ndege lilimwekea pointi, mpaka zikatosha kumpatia mtu mmoja kiti cha bure. Viti vya namna hiyo huwa vichache. Alipata kimoja, cha Alhamisi moja tu. Kilichofuata kilikuwa cha miezi minne baadaye, mtoto akiwa ameshajua kucheka. Mama akiikosa ndege hiyo, dada angejifungua bila ndugu hata mmoja kando yake, na pointi za miaka yote zingekwenda na maji.

Baba, mwalimu mstaafu wa sekondari, alitaka kujua ni pointi ngapi. Nilipomtajia alivua miwani. Kwenye matokeo aliyoyasoma maisha yake yote, mwenye pointi nyingi ndiye aliyefeli.

"Angekuwa mwanafunzi wangu ningemwita mzazi wake," alisema.

"Mzazi wake ni wewe, baba."

"Ndiyo maana nasikitika."

Mipango nilikabidhiwa mimi, kwa sababu nilikuwa nyumbani Njombe nikisubiri ajira, na kwa sababu nilikuwa nimewachosha wote kwa kupinga mipango yao. Baba alisema mama apande basi mpaka Dar es Salaam. Nikauliza: basi likiharibika njiani? Akasema basi aondoke siku moja kabla. Nikauliza: na siku hiyo atalala kwa nani, na kwa nini achoke kabla ya safari ya bara hadi bara? Nilitafuta kwenye simu nikapata ndege ndogo ya Alhamisi asubuhi, ya kutoka upande wa Mbeya. Tungefika Dar es Salaam mchana. Ndege kubwa ilikuwa ya Alhamisi, 00:35, ambayo mimi niliitafsiri kwa familia kuwa saa sita na nusu usiku na dakika tano juu. Tungebaki na saa kumi na mbili za kusubiri. Nilinunua tiketi zetu mbili, ya mama na yangu ya kumsindikiza, zile za bei nafuu zisizorudishwa, nikachora jedwali kwa rangi tatu, nikalibandika ukutani karibu na kalenda ya parokia.

"Unakwenda Mbeya ili ufike Dar es Salaam," baba alisema akilitazama. "Huko ni kuingia jikoni kwa kupitia dirisha la sebuleni."

Nikamweleza kuhusu muda wa kuunganisha ndege. Akaniambia naeleza vizuri sana.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Tiketi ilisema mama angefika Kanada Alhamisi hiyo hiyo, saa tisa alasiri. Mama ndiye aliyeliona.

"Naondoka Alhamisi usiku, nafika Alhamisi alasiri?"

Hapo ndipo nilipochukua kiazi. Nilikichoma kijiti katikati, nikawasha tochi ya simu kuwa jua, nikakizungusha taratibu mbele ya wazazi wangu, nikawaonyesha jinsi mtu anayekwenda magharibi anavyolikimbiza jua na kujirudishia saa. Nilizungumza kwa muda mrefu. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nimemaliza na kile kiazi.

"Kwa hiyo atafika kabla hajaondoka," baba alisema.

"Ni jiografia, baba."

"Vizuri. Akifika atupigie, atuambie kama aliondoka salama."

Mimi ninayehoji kila kitu sikulihoji hilo. Nilikuwa nimelieleza vizuri mno.

Mama hakubishana na jedwali. Alisema tu kwamba ataondoka Jumatatu. Nilimwuliza kwa nini, wakati ndege ni ya Alhamisi. Akasema anataka kumuaga dada yake Makambako. Nikamwambia kuaga ni kazi ya nusu saa. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni, akaendelea kufunga unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Basi Jumatatu tukaondoka, mizigo ikiwa imepimwa mara mbili kwenye mizani ya viazi ya jirani, na tukashukia Makambako kwenye ule upepo wake ambao haumwonei huruma mwenye koti wala asiye na koti.

Mama mkubwa anaishi Mahongole, hapo hapo Makambako. Ni mjane, anafuga kuku na analima maharage, na kwa kawaida haulizi mtu maswali mengi. "Kamwene, msomi wetu," alinisalimia, akanipa kigoda karibu na jiko la mkaa. Siku ya pili, Jumanne, tulikuwa tunamenya viazi vya mchana.

"Hiyo ndege ni ya usiku wa kuamkia lini?" aliuliza.

"Ni ya Alhamisi, mama mkubwa. Saa sita na nusu usiku."

"Alhamisi nimeisikia. Nauliza kuamkia."

"Kuamkia Ijumaa."

"Nani kasema?"

"Tiketi."

"Tiketi imeandika Ijumaa?"

"Imeandika Alhamisi."

"Sasa Alhamisi yako inaanza saa ngapi?"

Makambako ni mji wa treni, na treni hupita saa ambazo watu wamelala. Mtu wa pale hakutajii siku ya treni bila kukutajia inaamkia lini. Sisi wengine siku yetu huanza kukicha, na usiku ni mkia wake. Lakini simu yangu, niliyokuwa nimeishika mkononi, ilikuwa ikibadilisha tarehe saa sita usiku kila siku ya maisha yake, nami naiona. Nilifungua tiketi. 00:35. Alhamisi ya ndege ilikuwa inaanzia kwenye giza la Jumatano. Mama alitakiwa kuondoka kesho usiku, na mimi nilikuwa nimempangia kufika Dar es Salaam keshokutwa mchana.

Nilisema, "Mama," nikamwonyesha simu.

Mama alikuwa ameshaelewa. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Kuna basi la alfajiri," alisema. "Na hiyo ndege yako ya Mbeya?"

"Itaondoka bila sisi."

"Masikini. Na kile kiazi?"

Mama mkubwa akauliza kiazi gani. Akasimuliwa. Walicheka mpaka mama mkubwa akalazimika kusimama, na mimi nikaendelea kumenya, kwa kuwa mtu akiwa na kazi mikononi hatazamwi sana. Nilipompigia baba, alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe hafiki kabla ya kuondoka," alisema. "Na mimi nimeshawaambia watu wote wa jumuiya."

Basi la Jumatano halikuharibika. Kila liliposimama nilitazama saa, na kila nilipotazama saa mama alinipa karanga. Tulifika Dar es Salaam jioni, na kufikia saa tatu mama alikuwa ameshapita kwenye ukaguzi na ulezi wake wote. Alhamisi saa kumi alasiri ya kule, dada alituma picha ya mama akiwa na koti la mkwewe. Mtoto alizaliwa Jumamosi, na mama alikuwepo.

Mwaka jana, tukipepeta maharage, mama mkubwa alinisimulia kwamba aliwahi kupata nafasi ya chuo cha uuguzi. Alifika stesheni ya Makambako Alhamisi jioni na sanduku lake, na treni ilikuwa imepita usiku wa kuamkia siku hiyo. Chuoni hawakumsubiri. Mwaka uliofuata akaolewa Mahongole. Aliyekuwa ametumwa kumkatia tiketi, akarudi nyumbani na kusema ni ya Alhamisi usiku, alikuwa mdogo wake, msichana aliyeongoza darasa, mama yangu.