Varisi Ambazo Hazikuwa za Miguu

Kosa langu lilikuwa neno moja la Kifaransa, na nililifanya kwa sababu nilikuwa nimesoma.

Nilimaliza sekondari, mke wangu hakuvuka darasa la nne la msingi. Kwa hiyo karatasi za Kifaransa zilikuwa kazi yangu nyumbani: nilisoma, nikamweleza, naye akaamini. Daktari wa hapa Likasi aliponipima tumbo kwa ekografi, ile mashine ya picha, alisema wengu wangu umevimba na huenda nina varisi. Niliitikia kama mtu anayeelewa. Varisi nilizijua. Mama mkwe alikuwa nazo, mishipa ya miguu iliyojikunja chini ya ngozi kama minyoo. Nami nilikuwa nimesimama miaka mingi kiwandani, mbele ya matangi ya asidi. Sikuuliza kitu.

"Munganga anasema nini?" mke wangu akauliza nilipofika.

"Miguu tu. Mishipa ya damu."

Alinipandisha suruali mpaka magotini, akachungulia. "Miguu gani? Hii iko muzuri kuliko yangu! Rudia, umuulize."

"Weye unajua Kifaransa?"

Akaishusha suruali yangu, akarudi jikoni. Sentensi ile naijutia mpaka leo.

Daktari alikuwa ameniandikia vidonge vya kila siku, na barua ya kwenda Lubumbashi kuangaliwa kwa mrija wenye kamera. Vidonge vilinichosha, nikaviacha. Barua niliificha ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, maana nani huingizwa mrija mdomoni kwa ajili ya miguu? Jioni nilijipaka mafuta ya moto kwenye mashavu ya miguu na kujiona mgonjwa mwenye bidii. Choo changu kilipoanza kuwa cheusi kama lami, nikasema ni sombe, yale majani ya muhogo tunayokula. Sikumwambia mtu.

Jumapili moja, tumetoka tu misa, nilitapika damu. Nusu ya beseni. Mke wangu ndiye aliyelishika.

Hospitali ya hapa waliniongezea damu, kisha wakanipeleka Lubumbashi. Daktari wa kule, mwanamke kijana, alinifunga mishipa kooni kwa vipira vidogo, akitumia mrija uleule niliokuwa nimeukimbia. Nilipopata nguvu, akaja kuketi kando ya kitanda.

"Papa, mu utoto ulikuwa unaogea maji ya wapi?"

"Tshangalele. Baba alikuwa anavua samaki kule."

Akatikisa kichwa, kisha akanieleza. Kichocho cha ziwani kilikuwa kimeacha makovu ndani ya ini langu, polepole, miaka na miaka. "Ni kama pale bwawa ya Koni. Ukifunga milango, maji inapanda, inatafuta njia ingine. Damu yako ilikosa njia mu maini, ikarudi mu wengu, ikapita mu mishipa midogo ya koo. Ikaijaza mpaka ikapasuka. Ile ndiyo varisi yako."

"Si ya miguu?"

"Miguu! Nani alikudanganya?"

"Minye mwenyewe."

Alicheka mpaka akashika kitanda. Kisha akawa mkali: ini halitarudi kama zamani, tumbo linaweza kujaa maji, damu inaweza kutoka tena, na vidonge nitavinywa maisha yangu yote. Nimevinywa. Nilirudi kufungwa mishipa mara ya pili, na mwezi uliopita nikarudi kuangaliwa mara ya tatu.

Muda huo wote mke wangu alinisemesha taratibu, kama tuko kwenye matanga, na upole ule ulinitisha kuliko damu. Safari hii daktari alimgeukia yeye, kwa Kiswahili: "Mama, ile mishipa imelala. Akiendelea na dawa, hatari imepunguka sana."

Alishukuru kwa adabu, akatoka. Tulipofika uani, akaanza.

"Kichwa nguvu weye! Si nilikuambia uulize? Ulitaka kuniacha mujane juu ya Kifaransa?"

Watu kwenye foleni waligeuka. Mzee mmoja mwenye fimbo akajaribu kutuliza: "Mama, umusamehe, ni mugonjwa."

"Mugonjwa wapi? Amepona! Na weye nyamaza, haumujue huyu!"

Nikasimama pale juani, mikono nyuma, nikimsikiliza. Sikutaka amalize upesi.