Rilei ya Lori la Mbata

Mpaka leo nikisikia harufu ya waya ulioungua, mimi huziba pua nikatoka nje. Wajukuu hucheka. Wacheke, wao hawakumjua Fundi Athumani Nampota.

Baba yangu, Issa Mkumba, aliendesha lori la mbata, zile nazi zilizokaushwa, kutoka Mchinga kwenda Lindi, zama za Mwingereza. Lori zee la dizeli, na asubuhi za kipupwe haliwaki ng'o mpaka plagi zake zipashwe moto kwanza. Kilichopeleka umeme kwenye plagi hizo ni kidude cheusi, mafundi wakikiita rilei, nacho kilikuwa kimeungua. Tajiri mwenye lori, Mzee Karimu, alileta kipya na onyo juu: kesho lisipowaka, ufunguo anampa dereva mwingine, Bakari Linyama.

Wa kukifunga Mchinga nzima alikuwa mmoja tu, huyo Athumani, mume wa shangazi yangu Somoe. Na shangazi alikuwa ndani kwetu, amerudi na mdomo uliopasuka, analala kitandani kwangu, anakula wali wetu. Nilimchukia, nisiseme uongo.

Wanaume wale hawakusemeshana. Walisimama kwenye injini bega kwa bega, mimi nyuma yao napeleka maneno.

"Mwambie baba yako akaze betri. Au mikono yake ni ya kusukia ukili wa mikeka tu?"

"Mwambie huyo bingwa wa kupiga wanawake afunge nyaya, anyamaze."

Nilipomeza tusi, baba alinikaripia: "Umebakisha neno. Mpelekee lote." Naye Athumani, aliyekwisha kulisikia, akangoja kwa adabu nimfikishie.

Ukabaki waya mmoja. Athumani akaushika, asiufunge.

"Mwambie baba yako, huu nitaufunga Somoe akitoka na mzigo wake."

Shangazi alikuwa mlangoni, kanga zake kazifunga furushi. "Kaka, niache niende. Utakosa kazi kwa ajili yangu?"

"Somoe, rudi ndani." Kisha baba akamgeukia Athumani mwenyewe, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ing'oe hiyo rilei. Nyumba hii haiuzi mtu."

Akaing'oa, akaibwaga mchangani. Kesho yake lori halikuwaka. Bakari akaja kuchukua ufunguo hata shikamoo hakutoa, na Athumani akaja kumfungia rilei ileile huku anapiga mluzi.

Tukawa watu wa mihogo, asubuhi mihogo, jioni mihogo. Kila tonge nilimkata shangazi jicho. Nilimlalamikia mama kwamba baba ametupotezea lori kwa kiburi chake. "Kula, nyamaza," mama akanijibu. "Na wewe ni mwanamke."

Sikumwelewa mpaka nilipokuwa mke wa Hamisi Chitanda, kule Rasbura. Siku moja aliinua mkono, macho yamemwiva. Sikukimbia. Nilimwambia tu, "Piga. Lakini unajua mimi ni binti wa nani."

Alijua. Pwani yote ilijua habari ya lori. Mkono ukakaa hewani kitambo, kisha Hamisi akajikuna nao kisogo.