Mikono Yenye Unga

Ti-ti-ti. Kifuniko cha kalamu kwenye nondo za dirisha langu. Mpaka leo nikikaa kimya naisikia. Ilikuwaga saa moja jioni, na mgongaji ni binti wa jirani, darasa la pili, kitabu kwapani.

"Shikamoo anti. Mama kasema nisome na wewe. Mikono yake ina unga."

Kila siku mikono ya mama yake ilikuwa na unga. Anauza maandazi, kwa hiyo sikushangaa. Tunasoma ukurasa mmoja mkekani, kisha naweka saini pale mwalimu alipoandika "Mzazi". Saini yangu niliipamba, ina mkia mrefu kama ya mtu mwenye ofisi. Mie nashona sare za shule hapa Chang'ombe, niliishia kidato cha pili, na chumbani nina kitanda, feni na huo mkeka. Ile nusu saa ndiyo ilikuwa familia yangu. Nilikuwa naota nitafungua chumba kikubwa chenye vitabu, wazazi waje na watoto wao, na mie nipite katikati nikiwachungulia.

Halafu mwalimu akaagiza kwamba baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, kila mzazi aje asome na mwanawe mbele ya darasa. Safari hii mama mtu alikuja mwenyewe.

"Mdogo wangu, nenda wewe. Kwani saini si yako?"

"Dada, mie si mama yake."

"Nani atajua? Mie shule sikupelekwa. Nikienda nitamwaibisha mwanangu."

Hapo ndipo nikauelewa ule unga.

Nisidanganye, nilitaka kwenda. Nililipiga pasi gauni langu la bluu, nikalivaa, nikajizoeza mbele ya kioo namna ya kuitika nikiitwa mama. Binti akanikuta hivyo, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Anti, umependeza." Akachezea kalamu yake. "Lakini mama akija, hata akikaa tu, si itakuwa sawa?"

Nikalivua gauni, nikalirudisha msumarini. Kisha nikaenda chumbani kwao na kitabu.

"Dada, nawa mikono."

"Ina unga."

"Ndo maana nasema unawe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alipoacha kucheka, akanawa.

Mwalimu wake hakuwa mie. Alikuwa yule mtoto, tena mkali: "Mama, usikisie! Tazama kwanza!" Na mama anajibu, "Haya mwalimu, usinichape." Kwa wiki mbili walipata mistari minne. Mitatu aliisoma kweli, wa nne nadhani aliukariri.

Ijumaa hiyo mie nilikuwa kwenye cherehani, sindano ikinikatikia kila mara. Jioni binti alinikimbilia uani. "Anti, mama alitetemeka! Akakwama, nikamsubiri, akasoma!"

Jumatatu saa moja nikatandika mkeka. Kimya. Jumanne hivyo hivyo. Nilikuwa nimefurahi, wallahi, ila furaha yenyewe sikuwa na wa kukaa naye tukaifurahia. Nikala wali wangu nikiangalia dirisha.

Jumatano nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Vyumba vyetu havina dari, sauti inapita juu ya ukuta bila kulipa nauli. Mtu ananawa mikono. Halafu kurasa. Halafu sauti ya dada, inatembea polepole kama mtu anayevuka dimbwi kwa kukanyaga matofali. Ilikuwa ile hadithi ya kuku na mvua tuliyosomaga mkekani, naijua yote. Akakwama kwenye neno. Nililijua neno lenyewe, mdomo wangu ulishafunguka.

Upande wa pili, mtoto hakusema kitu. Alikuwa anamsubiri.

Na mie nikafunga mdomo. Feni yangu ilikuwa inakoroma, na joto la siku ile lilikuwa la kuchemsha chai. Nikanyoosha mkono, nikaizima.