Kasiksi Aliyokunywa Baada ya Ajali

Mume wangu Élie yuko mahabusu akishtakiwa kuendesha gari akiwa amelewa, na siku ile hakuwa amelewa. Pombe waliyoinusa polisi aliinywa baada ya ajali, mbele ya watu zaidi ya thelathini. Kati yao wako wawili ambao neno lao lina uzito, na wamekataa kulisema. Huo ndio ubaya tuliotendewa.

Élie ameshika usukani miaka kumi na tisa. Alianza kwa kukimbia nyuma ya malori akiweka kabari chini ya tairi mlimani, mpaka siku moja mtu akamwachia usukani. Katika barabara ya Masisi na Walikale madereva wengi, mashofa tunavyowaita, hunywa kidogo kwa ajili ya baridi. Yeye alikunywa chai ya tangawizi, na wenzake walimwita Sista.

"Sista, rozari iko mu mufuko?" walimtania. Alicheka tu.

Lori ni la Papa Apollinaire, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Kashebere. Wiki mbili kabla ya ajali Élie alimwambia juu ya breki, na mimi nikisikia: "Papa, freni iko inachoka."

Papa Apollinaire akajibu: "Hata mimi niko nachoka, na bado niko natembea."

Siku yenyewe alikaa mbele, pembeni ya Élie. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya magunia yangu mawili ya maharagwe. Tukiteremka kuingia Kashebere nilisikia honi inalia bila kukatika, na gari halipunguzi mwendo. Mzee Léopold, mtega wanyama wa pale, alikuwa anavuka na kuni kichwani. Lori lilimpiga mguu, kisha likajichomeka kwenye udongo wa kando. Mguu ulivunjika chini ya goti. Alikuwa anapumua.

Kwa watu wa msitu kule, damu ikimwagika bila kusudi, hawaanzi na polisi. Chefu wa kijiji, Papa Sylvain, alituita sote kwenye uwanja wake. Mguu wa mzee ulifungwa kwa vijiti, kisha kikaletwa kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi. Aliyegonga anakunywa nusu, aliyegongwa anamalizia, na hapo kisasi kimekufa. Anayekataa, wanasema amebaki na ubaya moyoni. Watoto wa Léopold walikuwa wamesimama na mapanga.

"Chefu, mimi niko shofa," Élie alisema. "Munisamehe, nilowanishe tu midomo."

"Damu haijibiwe na kulamba," chefu akasema. "Kunywa kama mwanaume."

Élie aliniangalia. Na mimi, kwa hofu yangu, nikamwambia: "Kunywa, Baba Benita, tutoke hapa."

Akanywa. Tumbo lilikuwa tupu tangu asubuhi, na mwili haukuzoea. Mzee Léopold alimalizia nusu yake, watoto wake wakaweka mapanga chini, wakambeba kwa tipoyi, machela ya miti, mpaka kituo cha afya. Nilidhani yamekwisha.

Polisi wawili walifika kwa pikipiki wakati jua lilikuwa limeshageuka. Mmoja akasogeza pua mdomoni mwa Élie.

"Eeh, Papa shofa! Unatoka ku ndoa ya nani?"

Watu walicheka. Hata waliomnywesha walicheka.

"Nimekunywia hapa, afande. Uliza chefu."

Chefu Sylvain aliangalia vidole vya miguu yake. "Mimi mambo ya barabara siyajue," alisema. Papa Apollinaire akakohoa, akasema shofa wake anapendaga kinywaji. Hapo nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

"Mama, bibi ni mudomo wa bwana," polisi akaniambia. "Nyamaza."

Wakamchukua Élie. Nilikwenda mjini kwa avoka mmoja, yaani wakili, Mama Chantal, anayesikiliza wanawake wa parokia bure. Aliniuliza kama walimpima Élie kwa mashine. Nikasema hapana, kwa pua tu. Akasoma karatasi ya polisi, maana mimi sijui kusoma. Ilisema dereva alikutwa amelewa mahali pa ajali. Saa ya kugonga na saa ya kunuswa ziliandikwa kuwa ileile, na Élie ametia sahihi chini, kwa sababu alisomewa Kifaransa mbiombio.

"Lakini familia ya mzee ilisamehe," nilimwambia. "Haitoshi?"

"Msamaha wao unaweza kupunguza adhabu, Mama. Hauue kesi. Ulevi ku usukani, na muntu ameumia, hiyo ni kesi ya serikali."

"Na permi yake ya kuendesha?"

"Wanaweza kuibeba. Atatoka, na hataendesha."

"Sasa nifanye nini?"

"Uniletee muntu mwenye aliona saa ya kunywa, akubali kusimama mbele ya hakimu. Haiko wewe."

Mzee Léopold alikubali. Alisimama juu ya fimbo mbili na kusema yote. Hakimu akasema mtu aliyekuwa anazimia kwa maumivu hajui saa. Wale wengine thelathini wananiambia neno moja: chefu akisema, nasi tutasema.

Nilipiga magoti kwa chefu. "Mama, serikali ilitukataza kukata kesi za damu," alisema. "Nikitaja kibuyu, najipeleka mwenyewe. Unataka tufungwe wawili?"

Nikaenda dukani kwa Papa Apollinaire. Alikuwa anapima chumvi, hakuacha kupima. "Mama Benita, kama shofa hakulewa, wataulizia freni. Na freni njo yangu, haiko ya shofa."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayetaja bei.

Kesi imeahirishwa mara nne. Kila juma nampelekea Élie chakula. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilimwambia anywe. Afadhali angeuliza.

Mimi sina la kuongeza tena. Mdomo wangu hauhesabiwi. Chefu Sylvain anadaiwa neno moja: kwamba Élie alikunywa uwanjani kwake, baada ya ajali, kwa amri yake. Papa Apollinaire anadaiwa lingine: kwamba aliambiwa juu ya freni, wiki mbili kabla ya ajali. Mpaka leo hakuna aliyelisema lake.