Walivyomsingizia Shehe Zuberi

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Kharumwa, hakuna aliyepita karibu na kaburi la Shehe Zuberi bila kuvua viatu. Hata Wakristo walivua. Hata wafugaji ambao hawakuwa na dini zaidi ya mizimu ya babu zao waliwaswaga ng'ombe wao mbali na pale. Tuliambiwa kwamba mtu akipiga jembe jirani na kaburi, ardhi itamfunika. Mimi niliamini kuliko watoto wote, mpaka siku mjomba wangu Ramadhani alipofukiwa. Tangu siku hiyo nina hasira, na sitaki kujifanya kwamba imekwisha.

Kwanza nimzungumzie Shehe mwenyewe, maana watu wamemgeuza jini. Sikumkuta hai. Namjua kwa maneno ya bibi yangu, mzaa mama, aliyenilea. Shehe alitoka Tabora akiwa kijana, akalima karanga kama wengine, akafundisha watoto Kurani, na Alhamisi jioni akaongoza dhikiri. Bibi alipofiwa na mume, mashemeji zake walisema amemloga, na ushahidi wao ulikuwa macho yake mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Walimfuata na mapanga. Akakimbilia kwa Shehe, mama yangu kamshika mkono, mjomba bado mchanga mgongoni. Shehe aliketi mlangoni pake akawaambia kwamba anayetaka kuingia aanze kwa kumkata yeye. Hawakuthubutu. Bibi aliishi katika mji ule kama binti wa nyumba, akasilimu kwa hiari yake, na yule mchanga Shehe akampa jina la Ramadhani.

Shehe huyo ndiye wanayesema aliua.

Dhahabu ilipoonekana nyuma ya kaburi, mwenye duka mmoja aitwaye Masalu alichimbisha shimo. Wazee waliponung'unika, alileta mfumu, mganga wa kienyeji kutoka Ushetu, akachinja kondoo mweusi na kutangaza kwamba Shehe ameridhia. Mjomba akapata kazi ya kushuka chini.

Asubuhi moja ya masika, mvua imenyesha usiku kucha, Bibi alimzuia mlangoni. Mimi nilikuwa nakunywa uji.

"Leo usiende."

"Mama, nikikosa zamu nafasi yangu anapewa mwingine."

"Shimo lile halina matimba ya kuzuia kuta. Magogo mmeyaweka mdomoni tu, huko chini ni udongo mtupu, na umelowa. Litawafunika."

"Tumemwambia Masalu. Anasema magogo yanakuja."

"Basi msubiri yaje."

Mjomba alicheka, akanipokonya kikombe, akamalizia uji wangu, akaondoka.

Kabla ya adhuhuri tulisikia kelele. Nilimfuata Bibi mbio mpaka machimboni. Upande mmoja wa shimo ulikuwa umebomoka na kuziba njia. Chini walikuwa wawili, mjomba na kijana wa Didia aitwaye Shija. Wanaume walisimama pembeni na machepe mikononi, hakuna anayefanya kitu. Na walikuwa hai kule chini. Tulisikia jiwe likigongwa. Nililisikia kwa masikio yangu.

Masalu alikuwa ametanua mikono mbele ya shimo. "Asiguse mtu. Shehe amekasirika. Tukichimba atatumaliza wote. Nimeagiza mfumu aletwe, tusubiri."

Na wanaume wazima wakasubiri.

"Masalu," Bibi alisema, "Shehe nimekula naye sahani moja. Hakuwahi kumkasirikia hata mtoto aliyemwibia karanga."

"Mama Ramadhani, rudi nyumbani."

Bibi alimnyang'anya chepe mtu wa karibu, akampita Masalu. "Kama anafunika watu, aanze na mimi."

Akachimba peke yake, mtandio umeanguka matopeni. Jirani yetu Baba Neema, Mkristo, alikuwa wa kwanza kumfuata, kisha wengine wakaona aibu wakaja. Alasiri walimtoa Shija, hai, mguu umevunjika. Alisema Ramadhani alikuwa akigonga na kuongea naye mpaka muda mfupi uliopita. Walipomfikia mjomba, mwili ulikuwa bado wa moto.

Msibani Masalu alileta mchele. Akasimama mbele ya waombolezaji akasema, "Mama huyu alijua. Alimwonya mwanawe kwamba ardhi itamfunika. Shehe alisema kupitia kinywa chake."

Watu wakatikisa vichwa kwa mshangao. Bibi akasema, "Mimi nilisema matimba." Akarudia. Hakuna aliyetaka kusikia habari za magogo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiheshimiwa kama mtabiri, na heshima ile ilimtesa kuliko mapanga ya mashemeji.

Siku hizi nauza vitenge Geita mjini, na kila mwaka nakwenda ziara kaburini. Pamewekwa vigae na paa la kijani. Aliyejenga ni Masalu, mzee sasa, hukalishwa mkeka wa mbele. Mwaka jana msimamizi wa kaburi alikuwa akiwasimulia wageni habari za mchimbaji aliyemkosea Shehe akafukiwa. Nikasimama.

"Huyo ni mjomba wangu," nilisema. "Hakumkosea mtu. Shimo halikuwa na matimba."

"Dada, hayo yamepita," msimamizi alijibu kwa upole. "Tusiharibu ziara."

Wenzangu walikwenda mmoja mmoja kumpa Masalu shikamoo. Mimi nilipita mbele yake bila kumwamkia. Alininyanyulia uso akingoja, kisha akainamisha macho.

Nimelifikiria sana jambo hili. Hofu ile tuliyolishwa utotoni ilitufanya tuvue viatu, na hilo halikuwa na ubaya. Lakini ndiyo iliyowashika mikono watu wenye machepe wakati mjomba anagonga, na mwenye shimo alijua hivyo alipoitumia. Alimchukua mtu aliyeketi mlangoni kumlinda mjane, akajificha nyuma yake.

Kaburini namsomea Shehe Fatiha, kisha mjomba, kisha Bibi. Masalu hajaniomba msamaha, nami bado sijampa.