Dawa Mbili za Dada Yangu

Dada yangu alikuwa ameanza kucheka tena. Baada ya kumzika binti yake wa pekee, alikaa miezi mingi akitazama ukuta, haogi, hali, mpaka daktari akampa vidonge vya kutibu huzuni ile. Polepole alirudi kwetu. Alipalilia miwa na mumewe, akasonga obusuma, ugali wetu, akauliza habari za wanangu.

Kisha mgongo ukamuuma. Kwenye kemisti ya sokoni alipewa dawa kali ya maumivu. Hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine, naye hakusema. Ugonjwa wake ulikuwa siri ya nyumba.

Kesho yake mchana nilimkuta sebuleni akitetemeka. Nguo zimelowa jasho, mboni za macho zimepanuka, miguu inarukaruka yenyewe. Hakunitambua.

"Ni malaria," shemeji alisema. "Akishikwa anatetemekanga hivi."

Kina mama wa kanisa walikuwa wamefika, wakataka kumwombea kwanza. Nilimgusa. Alikuwa anachoma, na misuli imekakamaa kama mti. Nikakumbuka daktari alivyotuonya tusichanganye vidonge vile na dawa nyingine bila kumuuliza.

"Mtamwombea njiani," nikasema. "Na mtu asimpe dawa yoyote tena, hata panadoli."

Tulimpakia kwenye gari la jirani, nami nikabeba pakiti zote mbili.

Hospitalini daktari alizisoma, akamwinua goti, akaona mguu unavyoruka.

"Dawa hizi zimegongana mwilini," alisema. "Mngengoja, mngeniletea maiti."

Alipona. Ndivyo watu wanavyosema. Lakini vidonge vilisimamishwa, na wakati wa kuanzishiwa vingine ulipofika, akakataa. Daktari alimweleza kwa upole kwamba vikitumiwa peke yake, na kwa uangalizi, vingemfaa. Shemeji alimpigia mkewe magoti mbele ya wagonjwa wengine.

"Dawa ilitaka kuniua," aliniambia tukirudi. "Huzuni nayo inataka kuniua. Afadhali hii ninayoijua."

Nikamfunika leso mabegani.

Siku hizi naenda kumwosha uso na kumchana nywele. Hanikatazi, wala hanisaidii. Juzi aliuliza kama kando ya kaburi la mtoto bado pana nafasi. Shemeji alitoka nje, akalia kwa sauti. Tangu siku hiyo hatumwachi peke yake.